Magari ya Msaada

Kwa miaka thelathini na saba Oswaldi hakuwa amezungumza Kirusi na mtu yeyote, isipokuwa na injini. Bolti ikigoma kulegea, au giaboksi ikimshinda nguvu, alikuwa akiitukana kwa Kirusi, taratibu, kama mtu anayesali rozari. Pale gerejini kwake, mtaa wa Izia mjini Sumbawanga, mafundi waliotoka mikoa mingine walidhani ni Kifipa cha kijijini kwao Kate. Wafipa wenzake walidhani ni Kiingereza cha wazee wa zamani. Yeye hakumsahihisha mtu.

Alikwenda Kharkov, Ukraine, mwaka 1980, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa hajawahi hata kufika Dar es Salaam, akasoma ufundi wa mitambo ya kilimo kwa miaka sita. Aliporudi, serikali ilimpeleka kwenye shamba moja kubwa huko kwao Ufipa, akatunza matrekta mpaka shamba lenyewe likafa. Ndipo akafungua gereji mjini. Alikuwa amefikisha miaka sitini na mitano, magoti yanamuuma kila upepo wa Juni ukivuma, lakini masikio yake yalikuwa bado mazima. Aliweza kusimama kando ya barabara, lori likapita, akakwambia silinda ipi ina kasoro.

Vita ilipoanza kule Ukraine, Oswaldi aliitazama kwenye televisheni ya mgahawa ulio jirani na gereji. Watu walikuwa wakibishana juu ya vifaru na madege, nani kampa nani nini, na yeye alitazama tu, chai yake inapoa. Siku moja walionyesha mtaa uliobomolewa. Aliinuka, akasogea hadi karibu na kioo, akanyoosha kidole kwenye kona ya jengo.

“Hapa palikuwa na duka la mikate,” alisema.

Watu wakamwangalia. Wengi hawakuwa wakijua kwamba fundi Oswaldi aliwahi kuishi huko.

Binti yake Monika, mwalimu wa sekondari Mbeya, ndiye aliyemtafutia Mikola. Alikuja likizo ya Pasaka ya mwaka 2023, akamkuta baba yake amelitoa sanduku la bati chini ya kitanda, anatazama picha ya vijana watatu waliosimama juu ya theluji. Akamuuliza majina, akaandika kwenye simu yake jinsi baba alivyomtajia, akapotea humo mtandaoni siku mbili. Siku ya tatu akampelekea ujumbe mwanamke mmoja aliyekuwa na jina lile lile la ukoo, na huyo mwanamke akajibu: ni baba yangu, yu hai.

Walipopigiana simu mara ya kwanza, wazee wawili walitazamana kwanza, kila mmoja akitafuta uso wa kijana ndani ya uso wa mwenziwe. Mikola alikuwa ameota mvi mpaka nyusi.

“Valdi,” alisema hatimaye. Hilo ndilo jina walilomwita hostelini.

“Mikola. Habari za Kharkov?”

“Usiseme Kharkov, hilo ni la Kirusi. Sema Kharkiv.” Kisha akapumua. “Na ujue, mimi lugha hii siisemi tena siku hizi. Mke wangu akinisikia ataniuliza nimepatwa na nini. Lakini na wewe sina lugha nyingine.”

“Hata mimi sina.”

Basi wakazungumza kwa hiyo hiyo, Oswaldi akiokota maneno moja moja kama mtu anayeokota ulezi uliomwagika, Mikola akimsubiri.

Wakati wao chumba kilikuwa cha vitanda vitatu. Mikola alitoka kijijini upande wa Poltava. Sergei alitoka Belgorod, mji wa upande wa Urusi usio mbali sana, lakini enzi hizo nchi ilikuwa moja na hakuna aliyeuhesabu mpaka. Walikuwa na sufuria moja, na zamu za kupika viazi. Mwezi wa kwanza wa baridi, Mikola alimchukua Oswaldi kwenda kwao, na mama yake alimpandisha alale juu ya jiko kubwa la matofali, pale palipo na joto, mahali ambapo wanawe walikuwa wakipagombea. Asubuhi alimwonyesha shamba. Udongo ulikuwa mweusi kama ule wa bondeni Milepa, lakini hauna mwisho, na Oswaldi, mtoto wa mkulima wa matuta, alichuchumaa, akabomoa bonge lililoganda, akalinusa. Yule mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Tangu siku hiyo alimwita mwanangu. Alikwisha kufa siku nyingi, Mikola alimweleza kwenye simu. Nyumba ipo, wanakaa wakimbizi.

“Na Sergei?” aliuliza Oswaldi.

Mikola aliangalia pembeni. “Hilo usiniulize.”

Hakuuliza tena.

Kilichowarudisha kwenye kucheka, katika simu za baadaye, ni kazi. Mikola alikuwa amestaafu, lakini vita ilipokuja alirudi kushika spana. Yeye na wazee wengine walipewa ghala moja nje ya mji, wakawa wanatengeneza magari ya msaada. Alimzungushia Oswaldi simu amwonyeshe ua. Humo mlikuwa na magari ya deraya, malori, pikapu na gari la wagonjwa ambalo bado lilikuwa na maandishi ya hospitali ya nchi nyingine.

“Mataifa kumi na moja,” alisema Mikola. “Kila taifa lina huruma yake na spana yake. Hili bolti zake za inchi, hili za milimita, hili kitabu chake kimeandikwa kwa herufi ambazo hata daktari hawezi kuzisoma. Kinaharibika kidude cha ukubwa wa kidole, gari zima linalala.”

Oswaldi alicheka mpaka akakohoa. “Unanisimulia mimi? Pale shambani nilikuta matrekta ya nchi tano, yote zawadi, yote yamelala kwenye majani. Kila balozi alikuja na trekta akapigwa picha. Hakuna aliyekuja na spea.”

“Ulifanyaje?”

“Nilichinja mawili nikafufua moja.”

“Hata sisi tunachinja,” alisema Mikola, na wote wawili wakamkumbuka kwa pamoja mwalimu wao wa karakana, mzee Stepan, aliyekuwa na vidole viwili tu mkono wa kushoto. Mzee huyo aliendesha lori la Kimarekani katika vita kuu ya pili, mojawapo ya maelfu yaliyoletwa kuwa msaada. Alikuwa akiwaambia kwamba alikabidhiwa likiwa na kitabu cha Kiingereza, na yeye hajui hata neno. Kitabu akakisokotea tumbaku, ukurasa kwa ukurasa. Lori akalisikiliza. Katika mitihani alificha kipande kimoja cha injini ndani ya koti lake, akawataka wanafunzi waseme kilichopungua kwa kusikiliza tu. Katika darasa la watu thelathini, Oswaldi peke yake ndiye hakukosea hata mara moja.

“Ndiyo maana nimekupigia leo,” alisema Mikola. Ilikuwa katikati ya Juni, saa tatu asubuhi huku na saa tatu asubuhi kule, maana majira ya joto saa zao na zetu hulingana. “Tumeletewa Landrova. Usukani uko kulia, kama wa kwenu. Nimelihangaikia siku nne, haliwaki. Wenzangu wanasema tulichinje. Nikakumbuka uliniambia umekula mkate wa Landrova miaka thelathini.”

Oswaldi alifungua mdomo ajibu, kisha akaona kivuli cha mkewe mlangoni. Luciana alikuwa amesimama na ungo wa ulezi kiunoni.

“Nitakupigia kesho,” alimwambia Mikola.

Luciana hakujua Kirusi, lakini alikuwa ameyaona yale magari kwenye kioo cha simu, na rangi yake inajulikana popote.

“Baba Monika, hayo ni magari ya jeshi.”

“Ni ya msaada.”

“Msaada wa vita.” Aliketi kwenye kigoda, akaanza kupepeta. “Yule mwenzenu wa tatu kwenye picha si wa upande ule mwingine? Na yeye ana watoto. Ukitengeneza gari la huyu, na risasi ikampata mtoto wa yule, utalala?”

Oswaldi aliitia simu mfukoni. Alikuwa amejiuliza hilo hilo pale mgahawani, wakati watu wanahesabu vifaru kama wanahesabu magoli. Alivaa koti lake akaenda kazini.

Huko alimkuta Shamsi anamsubiri. Shamsi alikuwa na malori matatu ya kupandisha mpunga na mahindi kutoka bondeni, na Fuso lake moja lilikuwa juu ya magogo tangu juzi.

“Shikamoo mzee Oswaldi.”

“Marahaba, Shamsi. Lako nalimaliza leo.”

“Sikuharakishi, mzee. Ila nasikia jana wamepewa vifaru vingine tena wale rafiki zako.” Shamsi alitikisa kichwa. “Dunia hii! Sisi tungepewa greda moja tu la barabara ya Kaoze, tungemshukuru Mungu. Lakini greda haliombwi kwa damu, ndiyo sababu haliji.”

Oswaldi aliingia chini ya Fuso. Alifanya kazi siku nzima bila kutukana bolti hata moja, na wale mafundi wakajua mzee ana jambo.

Jioni, baada ya ugali wa ulezi na maharage, Luciana mwenyewe ndiye aliyelirudisha lile neno. Alikuwa ameweka mikono mapajani.

“Lile gari linalogoma,” alisema, “ni la kubebea nini?”

“Majeruhi. Mikola anasema barabara za huko mbele ni tope, magari makubwa hayaingii. Wanataka kitu chepesi cha kutolea watu.”

Kaka yake Luciana, Nestory, alikwenda vita ya Kagera mwaka 1979 na hakurudi. Oswaldi alilijua hilo kama kila mtu kijijini Kate alivyolijua. Jambo alilosikia jioni ile hakuwa amelisikia katika miaka yote ya ndoa yao.

“Yule askari mwenzake aliyekuja kuleta habari msibani,” alisema Luciana, “alimweleza baba mambo ya ushujaa. Lakini mimi nilikuwa jikoni nampikia, nikamsikia anamweleza mjomba ukweli. Alisema Nestory hakufa palepale. Alilala kando ya barabara tangu asubuhi mpaka jua lilipozama. Alikuwa anaongea. Alikuwa anauliza gari linakuja saa ngapi. Gari lilikuwepo, kilomita chache tu nyuma yao. Lilikuwa limeharibika.”

Oswaldi aliweka chini kikombe.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekwambia ya nini? Wewe ni fundi. Kila gari ambalo lingekushinda ungemfikiria Nestory.” Aliinuka akaanza kukusanya vyombo. “Kama ni la kuwatoa watu waliolala barabarani, litengeneze.”

“Na wakilifunga bunduki juu?”

“Hilo wewe hutalijua. Atalijua Mungu, atamuuliza aliyelifunga.”

Kesho yake Oswaldi hakwenda gerejini. Alikaa uani palipo na jua, akavaa miwani, akampigia Mikola. Luciana alikaa karibu, ameuegemeza mgongo ukutani.

“Niambie dalili,” alisema Oswaldi.

“Stata inazungusha vizuri. Betri mpya. Dizeli inafika kwenye pampu, nimehakikisha. Lakini kwenye nozeli haliji hata tone. Pampu nimeishusha mara mbili. Haina ugonjwa.”

“Washa swichi bila kupiga stata. Weka simu nyuma ya pampu.”

Mikola alifanya hivyo. Oswaldi alifumba macho. Alisikia mtu akigonga chuma mbali, alisikia ndege wa huko, akakumbuka aina ya ndege wale lakini si jina lao. Kutoka kwenye pampu hakusikia kitu.

“Tena.”

Hakikulia kitu.

“Ingetakiwa kulia tik, kama saa ya ukutani,” alisema. “Niambie, ufunguo wake ulikuja na kidude cha kubonyeza? Kidogo, cha plastiki?”

Mikola aliwauliza wenzake, wakajibizana kwa lugha yao. “Ulikuja ufunguo mtupu. Mgeni aliyelileta anasema kidude alikiacha kwao, alidhani hakina kazi.”

Oswaldi alipiga paja lake. “Gari lako halijaharibika, Mikola! Linadhani limeibiwa! Kidude kile ndicho kinaliambia kwamba mwenye nyumba ndiye huyu. Bila hicho linajifunga lenyewe, linakataa mafuta.”

“Wewe umejuaje?”

“Padre mmoja wa huko kwetu Kate alikitumbukiza cha kwake chooni. Tulikaa na gari lile wiki mbili, mimi na sala zake. Sasa sikiliza. Nyuma ya pampu kuna waya mmoja umeingia kwenye kitu kama bolti nene. Toa waya. Fungua bolti hiyo taratibu. Ndani utakuta kipini na springi.”

Simu iliwekwa juu ya kitu, ikawa inaonyesha mikono tu. Mikono ya Mikola ilikuwa imezeeka, ina madoa, lakini ilishika spana kwa namna ile ile, kidole gumba kikiwa kimelala. Oswaldi aliitazama, akajikuta yuko karakana ya ghorofa ya chini, madirisha yamejaa ukungu, Mikola upande mmoja wa injini na yeye upande wa pili, na Sergei akiwaimbia ili wasisinzie. Aliusikia hata wimbo.

“Nimevitoa,” alisema Mikola.

“Viweke mfukoni, usivitupe. Rudisha ganda peke yake, likaze. Sasa mafuta yana njia wazi. Lakini ujue, halitazimika kwa swichi tena. Mkitaka kulizima, tieni gia, kanyageni breki, achieni klachi, litajinyonga.”

“Kama punda wa babu yangu.”

“Piga stata.”

Stata ilizunguka mara moja, mara mbili, ikachoka kidogo, ikazunguka tena. Kisha Landrova lilikohoa, likatoa moshi uliofunika kioo chote cha simu, na likanguruma. Kule wazee walipiga kelele. Huku Luciana aliinuka bila kujua kwamba ameinuka, akashangilia kwa vigelegele, jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kama Monika kaposwa.

Oswaldi hakushangilia. Alikuwa ameinamisha sikio.

“Silinda ya tatu,” alisema. “Valvu inagonga. Irekebishe kabla hawajaondoka nalo.”

Mikola alirudi kwenye kioo, uso wake umejaa masizi. Alikuwa analia, au ni moshi. “Mzee Stepan,” alisema, na hakuweza kumaliza.

Tangu siku hiyo ikawa kawaida yao. Kila Jumamosi Mikola alipiga simu, mara ana gari linalogoma, mara hana. Oswaldi alimsaidia kwa aliyoyajua. Deraya na vifaru hakuviuliza na Mikola hakumwonyesha. Mara nyingi walizungumza juu ya mambo yasiyokuwa na faida kwa mtu mwingine yeyote: bei ya tiketi ya tramu ya enzi zile, yule mpishi wa kantini aliyekuwa akiwaongezea mchuzi, siku waliyoteleza kwenye barafu wakiwa wamebeba jiko la kuazima. Mikola alikwenda kuitazama hosteli kwa ajili yake. Ghorofa mbili za juu hazikuwepo tena. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya pili, na dirisha lake lilikuwa limezibwa kwa mbao. Alimtumia picha, na Oswaldi akaikuza, akaitazama mpaka simu ikaisha chaji.

Mwezi wa Oktoba, upepo umetulia na watu wanasubiri mvua za kwanza wapande mahindi, Mikola alipiga simu siku ambayo si ya kawaida yao.

“Lile Landrova limekwisha,” alisema. “Droni imelipiga juzi. Limeungua lote.”

“Dereva?”

“Mzima. Binti mdogo, mwanafunzi wa ualimu. Aliruka, akavunjika mkono. Ana daftari lake anaandika. Ameniambia tangu Juni ametoa watu sitini na wanne.” Alisogeza simu karibu na uso. “Watatu wao walikuwa mateka. Askari wa upande wa pili, wamejeruhiwa. Amewabeba nao. Nimeona nikwambie, kwa sababu mwanzo uliniuliza habari za Sergei nikakufokea.”

“Hukunifokea.”

“Nilifoka moyoni. Sijui aliko, Valdi. Namba yake ninayo. Sijaipiga.”

Oswaldi alitafuta neno. Kirusi chake hakikuwa nalo, na hata Kiswahili na Kifipa vilikuwa havijamletea.

“Ihifadhi tu,” alisema.

Simu ilipokatika, alikwenda nyuma ya nyumba alikokuwa Luciana akichagua mbegu za mahindi, punje nzuri upande huu, zilizotobolewa na wadudu upande ule.

“Amesemaje?”

“Gari limeungua. Dereva mzima. Limetoa watu sitini na wanne.”

Luciana alifanya ishara ya msalaba, akamsogezea kigoda kwa mguu. Oswaldi aliketi. Akachukua konzi ya mbegu, akaanza kumsaidia kuchagua, na alipokuwa akichagua akaanza kumsimulia habari za yule mama wa kijijini, juu ya jiko la matofali, na jinsi alfajiri ile alivyoamka hajui yuko wapi, akasikia mtu akiimba chini na harufu ya mkate. Katika ndoa ya miaka thelathini na minne hakuwa amewahi kumweleza.

“Alikuwa anaimba nini?” aliuliza Luciana.

“Sikumbuki maneno,” alisema Oswaldi. Akamwimbia sauti ya wimbo tu, kwa pua, akikosea na kuanza upya.